Yoko hakuivunja The Beatles: sikilizeni albamu nne za mwaka 1970

#1. Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Juzi kwenye uzi mwingine humu ndani mtu aliandika kwa kujiamini kabisa kwamba The Beatles, ile bendi ya Waingereza wanne, ilisambaratika kwa sababu mmoja wao, John Lennon, aliingiza studio mwanamke, mpenzi wake Yoko Ono. Watu wakamuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Niliandika jibu, nikalifuta, nikaona jambo hili halijibiwi kwa mistari miwili. Linataka uzi wake.

Nianze na nilikoanzia mimi. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila akirudi Tanga alikuwa na santuri kwenye begi. Mojawapo ilikuwa boksi zito lenye santuri tatu. Juu yake kuna picha ya jamaa mwenye nywele ndefu na buti za mpira, kakaa kwenye kigoda katikati ya majani, amezungukwa na vinyago vinne vya vijizee vyenye ndevu. Nilikuwa darasa la sita. Nikamuuliza hivyo vijizee ni akina nani. Akaitoa santuri kwenye mfuko wake, akaishika kwa viganja pembenipembeni bila kugusa mifereji, akaipuliza vumbi, ndipo akanijibu: "Ni wao wenyewe wanne, mjomba. Huyu alikuwa anapewa nafasi ya wimbo mmoja, mmoja. Sasa sikiliza alichokuwa amekiweka."

Ilikuwa All Things Must Pass ya George Harrison, iliyotoka Novemba 1970. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka huohuo wote wanne walikuwa sokoni, kila mtu na albamu yake. Ringo Starr alitangulia mwezi Machi na Sentimental Journey. Paul McCartney akafuata Aprili na McCartney. Kisha George, halafu John akafunga mwaka mwezi Desemba na John Lennon/Plastic Ono Band. (George na John walishatoa kazi za majaribio kabla ya hapo, hizo sizihesabu.) Ukizikalisha hizo nne pamoja ukazisikiliza kwa utulivu, kila mmoja anakwambia kwa mdomo wake kwa nini bendi ile haikuweza kuendelea. Wala huhitaji umbea wa magazeti.

Twende taratibu.

#2. Mchangiaji wa Dodoma

Nimeweka kambi hapa mkuu. Ila nilidhani ungeanza na Queen, maana Freddie Mercury ni mtoto wa Unguja.

#3. Mleta uzi

Mkuu, Freddie tunamdai uzi wake. Ila Queen haikuvunjika, kifo ndicho kilichowaingilia. Hapa nazungumzia watu waliokuwa hai wote wanne, wenye afya, wanapendwa dunia nzima, na bado wakashindwa kukaa chumba kimoja.

Watu wengi wanaanza hadithi hii mwaka 1968, Yoko Ono alipoanza kukaa pembeni ya John studio. Mimi naianza tarehe 27 Agosti 1967. Siku hiyo Brian Epstein, meneja wao, alikutwa amekufa nyumbani kwake London, kwa dawa za usingizi zilizozidi kipimo. Alikuwa na miaka 32. Wao wanne walikuwa Bangor, Wales, kwenye mafunzo ya kutafakari ya Maharishi, mwalimu wa dini kutoka India. Kuna picha za habari za mchana ule, waandishi wamewazonga na mikrofoni. Mtazame John anavyoongea: maneno ya utulivu yanatoka, macho yamepotea.

Brian ndiye aliyewatoa kwenye klabu ya chini ya ardhi Liverpool, akawavalisha suti, akazunguka kampuni za kurekodi mpaka moja ikawakubali. Ni kweli mikataba mingine aliwafungia vibaya. Lakini alikuwa ukuta kati yao na hela. Vijana wale walikuwa hawajui bili inalipwa na nani. Alipoondoka, kwa mara ya kwanza wakalazimika kutazamana wenyewe kwa wenyewe na kuulizana: sasa nani anaamua?

Na mjue kwamba walishaacha kupiga jukwaani mwaka mmoja kabla. Onyesho lao la mwisho la kiingilio lilikuwa San Francisco, Agosti 1966. Kwa hiyo kilichobaki kuwaunganisha ni studio na biashara. Studio ilikuwa bado inakwenda. Biashara ndiyo iliyowamaliza.

Walianzisha kampuni yao, Apple. Wakafungua duka la nguo Baker Street mwezi Desemba 1967, na Julai 1968 wakalifunga kwa kuwaambia watu waingie wachukue bure. Ofisini Savile Row kila mwenye wazo alikuwa anaomba fedha, na wengi walipewa. Mwanzoni mwa 1969 John akawa anasema hadharani kwamba mwendo ule ukiendelea watafilisika.

#4. Mchangiaji wa Nairobi

Sawa ndugu, lakini usimkingie Yoko kifua sana. Hata kitanda kiliingizwa studio kwa ajili yake, hiyo ni kweli ama si kweli?

#5. Mleta uzi

Ni kweli kabisa ndugu yangu. Julai 1969, baada ya yeye na John kupata ajali ya gari Scotland, kililetwa kitanda kwenye studio ya Abbey Road ili Yoko apumzike wakati wakirekodi. Na iliwakera wenzake. Walikuwa na mila yao kwamba wake na wapenzi hawaingii kazini, na John aliivunja bila kuwauliza. Sikatai hata kidogo.

Ninachosema ni kwamba kukereka si kuvunjika. Paul mwenyewe, ambaye ndiye angekuwa wa kwanza kulaumu, alimwambia mtangazaji David Frost mwaka 2012 kwamba si Yoko aliyeivunja bendi. Na angalieni ratiba ya nani aliondoka lini.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Ringo. Agosti 1968, katikati ya kurekodi ile albamu nyeupe ya santuri mbili, alichoka kuhisi anapiga vibaya na kwamba wale watatu wako karibu kuliko yeye. Akachukua familia akaenda Sardinia, kwenye boti ya mwigizaji Peter Sellers. Huko nahodha akamsimulia jinsi pweza anavyookota mawe na vitu vinavyong'aa chini ya bahari na kujijengea bustani, na ndipo ukazaliwa wimbo wake wa Octopus's Garden. (Sisi wa pwani tunaomjua pweza kwa mkuki na nazi hatukuwahi kumfikiria hivyo.) Huku London wenzake waliendelea, Paul akakaa kwenye dramu. Kama unausikiliza Back in the U.S.S.R. na unadhani ni Ringo, si yeye. Aliporudi alikuta dramu zake zimefunikwa maua. George ndiye aliyeagiza zipambwe.

Wa pili ni huyohuyo George, tarehe 10 Januari 1969. Walikuwa wamejifungia kwenye ukumbi wa kupigia filamu wa Twickenham, baridi, asubuhi mno kwa wanamuziki, kamera zinawatazama. Siku nne kabla, yeye na Paul walishabishana mbele ya kamera jinsi ya kupiga gitaa, George akamwambia atapiga chochote Paul anachotaka, au hatapiga kabisa kama Paul hataki apige. Siku ile wakati wa chakula cha mchana akasimama akaondoka. John akatoa shauri kwamba asiporudi, wamchukue mpiga gitaa Eric Clapton. Hebu fikirieni. Mwenzenu wa tangu shuleni kaondoka saa chache zilizopita.

Alirudi kwa masharti: watoke Twickenham, wahamie studio ndogo ya ofisini kwao. Akamleta na Billy Preston apige kinanda, na kwa sababu mgeni yupo, wote wakawa na adabu. Siku nane baadaye, tarehe 30 Januari, wakapanda juu ya paa la Savile Row wakapiga dakika 42. Ile filamu ndefu ya Peter Jackson ya mwaka 2021 inaonyesha yote haya. Itazameni wakiwa juu ya paa, upepo unapeperusha nywele zao, vidole vinaganda. Wanacheka. Muziki haukuwa umekufa.

#6. Mchangiaji wa Mwanza

Basi kama muziki ulikuwepo nini kiliwashinda? Maana hapo naona watu wanaogombana kama bendi yoyote.

#7. Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake ni jina la mtu: Allen Klein.

Mwisho wa mwezi uleule wa Januari 1969, John alikutana na huyu Mmarekani wa New York, mhasibu aliyejijengea jina kwa kuwakamua wenye kampuni za kurekodi mpaka watoe hela za wasanii. John akamkubali usiku uleule. George na Ringo wakamfuata John. Paul akakataa. Yeye alimtaka Lee Eastman na mwanawe John Eastman, mawakili, ambao walikuwa baba na kaka wa Linda, mchumba wake. Sasa jiwekeni nafasi ya wale watatu: mwenzenu anataka mali yenu isimamiwe na wakwe zake. Na jiwekeni nafasi ya Paul: wenzako wanataka umkabidhi maisha yako mtu usiyemwamini hata kidogo. Hapa simwoni mwenye dhambi. Naona watu wanne wasio na Brian.

Tarehe 9 Mei walikutana studio London, Klein anataka saini siku hiyohiyo. Paul akasema hasaini. Wale watatu wakaondoka. Yeye akabaki peke yake, na kwa kuwa mwanamuziki Steve Miller alikuwepo jengoni, akakaa kwenye dramu akazipiga kwa hasira usiku kucha katika wimbo wa mwenzake.

Miezi hiyohiyo wakapoteza kitu kikubwa zaidi. Dick James, mshika kampuni ya Northern Songs iliyokuwa inamiliki nyimbo za John na Paul, aliuza hisa zake kwa kampuni ya ATV mwezi Machi wakati wote wawili wametoka kuoa na wako fungate. Hawakuambiwa. Walipigania kuzirudisha wakashindwa. Ndiyo maana mwaka 1985 Michael Jackson aliweza kuinunua ATV Music kwa dola milioni 47.5 na kumiliki nyimbo zile, miaka michache baada ya Paul mwenyewe kumwelimisha kwamba haki za nyimbo ndiyo biashara.

Katika hali hiyo wakarekodi albamu ya Abbey Road. Kila nikiisikiliza nashangaa. George akaleta Something, na Here Comes the Sun aliyoitunga bustanini kwa Clapton siku aliyokwepa kwenda ofisini kwenye vikao. Tarehe 20 Agosti 1969 wakakaa wote wanne studio kwa mara ya mwisho. Mwezi mmoja baadaye John akawaambia kikaoni kwamba anataka talaka. Neno alilotumia ni hilohilo, talaka. Wakakubaliana ifichwe kwa sababu kulikuwa na mkataba mpya na kampuni.

#8. Mchangiaji wa Zanzibar

Kaka mimi siku zote nilisoma kwamba Paul ndiye aliyetangaza kuondoka.

#9. Mleta uzi

Dada, ndivyo magazeti yalivyoandika tarehe 10 Aprili 1970, na ndiyo dhuluma aliyoibeba Paul miaka mingi. John alishaondoka miezi saba kabla. Paul alikaa na siri ile, akaenda shambani kwake Scotland, akawa hanyanyuki kitandani, anakunywa. Linda ndiye aliyemwinua. Akarudi London, akaweka mashine ya kurekodi nyumbani, akapiga kila chombo mwenyewe.

Sasa isikilizeni albamu yake hiyo. Ina vipande vifupi, vingine kama mtu anajaribu gitaa jikoni. Wakosoaji waliidharau. Mimi nasikia mtu aliyezoea kuongoza watu, ghafla hana wa kumwongoza. Katikati yake kuna Maybe I'm Amazed, wimbo wa mtu anayemshukuru mke kwa kumshika asizame. Paul ndiye aliyekuwa anaisukuma bendi ifanye kazi baada ya Brian. Kwa wenzake kusukumwa kule kukawa kero. Yote mawili ni kweli.

Na wakati anaimalizia, nyimbo za albamu ya bendi, Let It Be, zilikabidhiwa kwa mtayarishaji Phil Spector, naye akaweka okestra na kwaya kwenye The Long and Winding Road bila Paul kuulizwa. Juu ya hapo wenzake wakataka albamu yake icheleweshwe isigongane na ya bendi. Wakamtuma Ringo, mpole wa wote, ampelekee barua nyumbani. Paul akamfukuza mlangoni. Ringo akarudi akawaambia wenzake: mwacheni, kwa kuwa ina maana kubwa kwake.

Tarehe 31 Desemba 1970 Paul akafungua kesi Mahakama Kuu London dhidi ya rafiki zake watatu. Alitaka kumshtaki Klein, lakini mkataba wao wa ubia wa 1967 ulikuwa umewafunga wanne tu, kwa hiyo njia pekee ya kumtoa Klein ilikuwa kuuvunja ubia wenyewe. Machi 1971 jaji akamteua msimamizi wa mali. Makaratasi ya mwisho yalimalizika Januari 1975, na saini ya John iliwekwa akiwa hotelini Disney World, Florida, akiwa mapumzikoni na mwanawe.

Klein mwenyewe? Kufikia 1973 wale watatu nao walishagombana naye. George alikuja kushtakiwa kwamba My Sweet Lord imefanana na He's So Fine ya The Chiffons, na mwaka 1976 jaji akasema ameiga bila kujua. Klein, aliyekuwa akimtetea kwenye kesi hiyo, akaenda kuinunua kampuni iliyokuwa inamdai George. Mahakama ikaja kumkatalia kupata faida humo. Paul hakuwa amekosea kuhusu mtu huyo.

#10. Mchangiaji wa Dodoma

Duh. Leta za wengine mkuu. Ya John nimeisikiliza leo, nimeshindwa kumaliza wimbo wa kwanza.

#11. Mleta uzi

Wimbo wa kwanza ni Mother, unaanza kwa kengele nzito nne na unaishia John anapiga kelele za mtoto anayeachwa. Mama yake aligongwa na gari mwaka 1958. John alikuwa ametoka kwenye matibabu ya daktari Arthur Janov, yanayomtaka mgonjwa alie maumivu ya utotoni. Humo ndani kuna gitaa, besi, dramu na kinanda, basi, na Ringo ndiye anayepiga dramu. Kwenye wimbo wa God anataja vitu ambavyo haviamini tena, kimoja kimoja, na cha mwisho kwenye orodha ni Beatles. Jina lile lilikuwa limekuwa dini na yeye alitaka kutoka humo akiwa hai. Hakuna cheo, hela wala meneja ambaye angemrudisha.

George, mjomba wangu alishamaliza. Miaka yote ile John na Paul walikuwa wanajaza santuri na yeye anaachiwa nyimbo moja, mbili. Wimbo wenyewe wa All Things Must Pass aliwapigia wenzake pale Twickenham, wakaupita. Boksi lile lina santuri mbili zilizojaa nyimbo kamili (ya tatu ni ya kupiga na marafiki tu, mjomba alikuwa hana haja nayo), na My Sweet Lord ikafika namba moja Uingereza na Marekani kabla ya wimbo wowote wa wenzake. Mtu mwenye akiba hiyo angekaa kusubiri nafasi yake mpaka lini? Agosti iliyofuata akasimama Madison Square Garden, New York, na Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, kuchangia wakimbizi wa Bangladesh, maonyesho mawili kwa siku moja. Na Bob Dylan akaja.

Ringo watu wanamruka. Sentimental Journey ni nyimbo za zamani za kina mama, alizoimba kwa sababu mama yake alizipenda. Bendi ilipokwisha yeye hakuwa na deni la kumdai mtu. Kwa hiyo alibaki kuwa mtu pekee ambaye wote watatu walikuwa tayari kumpigia simu. Albamu yake ya 1973, Ringo, John alimtungia wimbo, Paul alimtungia, George alitunga naye Photograph ikafika namba moja Marekani. Wote wanne wamo, ila hawamo pamoja kwenye wimbo hata mmoja.

#12. Mchangiaji wa Nairobi

Na ile ya Paul kurekodi Lagos?

#13. Mleta uzi

Hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote. Agosti 1973. Paul ana bendi mpya, Wings, na wakosoaji wanamcheka. Karibu na safari ya Nigeria wapiga gitaa na dramu wake wakajitoa. Akaenda hivyohivyo: yeye, Linda na Denny Laine. Wakafika msimu wa mvua, studio ya Apapa vifaa havijakamilika. Usiku mmoja yeye na Linda wakitembea kwa miguu wakakabwa kwa visu, zikaenda kanda zenye nyimbo zote na daftari la mashairi. Ikabidi azikumbuke kichwani. Fela Kuti, mwanamuziki mkubwa wa Nigeria, naye akamshambulia kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika. Paul akamwita studio, akamkalisha, akampigia kila alichorekodi asikie mwenyewe, Fela akaridhika.

Kutoka hapo ikatoka Band on the Run, dramu zote kapiga Paul. Na ndani ya wimbo unaobeba jina hilo kuna mstari wa mtu aliyefungwa anayewaza kutoka. Paul amesema aliutoa kwenye maneno ya George, siku moja wamechoshwa na vikao vya Apple.

#14. Mchangiaji wa Mwanza

La mwisho mkuu. Walishawahi kukaribia kurudiana kweli?

#15. Mleta uzi

Aprili 1976. John anaishi New York, ameacha muziki analea mtoto wake Sean. Paul yuko mjini, amempitia nyumbani jioni, wamekaa wanatazama televisheni. Kwenye kipindi cha Saturday Night Live mtayarishaji Lorne Michaels anawaangalia watazamaji, anatoa hundi ya dola 3,000, anasema The Beatles waje wazichukue, waimbe nyimbo tatu. Studio ile haikuwa mbali na pale walipokuwa wamekaa. John alisimulia mwenyewe kwamba walitazamana, wakakaribia kuita teksi.

Lakini walikuwa wamechoka, na usiku ulikuwa umekwenda. Wakabaki palepale.